Nyumba ya Kukaa na Nyumba Yako: Historia ya Wenye Nyumba wa Lubumbashi



Kila mwaka, mvua zikikoma na kiangazi kikianza, njia za Lubumbashi zinajaa pusipusi zilizopakia vitanda, masufuria na magodoro. Ni watu wanaohama. Wengi wao wanatoka katika nyumba ya kupanga na kuingia katika nyumba nyingine ya kupanga. Lakini mara moja moja yumo kati yao mtu anayehamia katika nyumba aliyoinunua kwa mali yake, nyumba ya kwanza katika maisha yake, na pengine ya kwanza katika ukoo wake wote. Huyo hutambulikana upesi. Vyombo havijashushwa bado, naye amekwisha kuuzunguka ukuta wote. Anayapiga matofali kwa kiganja, anatazama kama mabati yanavuja, anamwonyesha mkewe mahali pa jiko na mahali pa kupanda mwembe. Usiku wa kwanza hapati usingizi mwingi.

Furaha hiyo ni ya haki, wala hakuna anayeweza kumcheka. Lakini historia ya mji wetu inatufundisha neno moja ambalo mwenye nyumba mpya anapaswa kulishika: kuna nyumba ya kukaa, na kuna nyumba yako. Kukaa ni jambo moja, kuwa mwenyewe ni jambo lingine. Wazee wetu walikaa katika mji huu zaidi ya miaka arobaini, wengine katika nyumba nzuri za matofali, pasipo kuwa na haki ya kusema: “Hii ni yangu.” Na hata hivi leo wako watu waliolipa bei yote, wakakaa miaka mingi, halafu siku moja wakakuta kwamba walikuwa wanakaa tu.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango. Ukitaka kuijua, ingia ndani. Basi tuingie ndani ya historia hiyo, tuone kitu gani hasa kinachoifanya nyumba kuwa yako.

1. Kabla ya mji

Katika vijiji vya wazee wetu hakuna mtu aliyenunua nyumba. Ardhi ilikuwa ya mababu, na mkubwa wa ardhi aliilinda kwa ajili ya ukoo wote. Kijana aliyetaka kuoa alikwenda kuomba mahali, akaonyeshwa. Akakata miti, rafiki zake wakaja kumsaidia kusimamisha, wanawake wakakanda udongo na kupaka kuta, majani yakaezekwa, pombe ikanywewa. Nyumba ilikuwa imekwisha. Baada ya miaka michache mchwa walikula nguzo, naye akajenga nyingine. Tena kijiji chenyewe kiliweza kuhama kufuata mashamba mapya, kikaacha mabomo nyuma yake.

Karatasi haikuwako, wala haikutakiwa. Ushahidi wa nyumba ulikuwa ni watu. Kila mmoja alijua nani alijenga hapa, nani alikufa hapa, na mkewe alitoka ukoo gani. Kama kulitokea mabishano, wazee walikaa chini ya mti, wakasema waliyoyaona kwa macho yao. Tusidharau desturi hiyo, maana ilikuwa na akili yake: nyumba ilisimama juu ya maneno ya mashahidi. Lakini ilitegemea jambo moja, kwamba mashahidi wanabaki pale pale. Watu walipoanza kutoka vijijini kwenda katika mji, mashahidi hao walibaki nyuma.

Na kabla mji haujazaliwa, sheria ya wageni ilikuwa imekwisha kufika. Tarehe 1 Julai 1885, wakati wa Dola Huru la Congo, ilitolewa amri iliyosema kwamba ardhi isiyokaliwa na watu ni ya Serikali, na kwamba mtu asishike ardhi ya namna hiyo bila hati. Amri hiyo ilikataza pia kuwanyang’anya wenyeji ardhi waliyoikalia. Lakini mashamba yaliyolala, misitu ya kuwinda, mahali kijiji kilipokuwa zamani, nani atasema kwamba ni tupu au si tupu? Mwandishi wa sheria aliona ardhi tupu. Mkubwa wa ardhi aliona ardhi ya mababu. Kutoka hapo ndipo mambo mengi yalipoanza. Katika Katanga, kuanzia mwaka 1900, ardhi kubwa ilitawaliwa na Comité Spécial du Katanga, nayo ndiyo iliyogawa viwanja na haki za madini.

2. Nyumba inayofuata kazi

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika, na mji wa Élisabethville ukaanzishwa. Mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza. Kazi ilikuwa nyingi, watu walikuwa wachache. Wafanyakazi wakatafutwa mbali: katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, katika inchi za Lomami na Kasai, na baadaye hata Ruanda na Urundi.

Mwanzoni watu hao walilazwa kama askari walivyolazwa, wanaume wengi pamoja, bila wake zao. Magonjwa yaliwaua wengi. Waliosalia walingoja mkataba uishe, wakarudi kwao. Kompani ikaona hasara yake: mtu anajifunza kazi, na akikwisha kuijua anaondoka, au anazikwa. Basi kuanzia karibu mwaka 1928 ilibadili njia yake. Ilitoa mikataba ya miaka 3, ikawataka wafanyakazi walete wake zao, ikajenga makambi ya nyumba nzuri zaidi, na mahospitali; na shule za misioni zikafunguliwa humo. Kila juma mke alikwenda kupokea posho. Watoto wengi wakazaliwa katika makambi yale, wakakua bila kukijua kijiji cha baba zao.

Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, wala si haki kuyakana. Lakini tazameni vizuri nyumba ile. Mkubwa wa kambi aliweza kuingia kutazama usafi. Mgeni hakukaa humo bila ruhusa. Na siku mkataba ulipokwisha, au mtu alipofukuzwa, au alipozeeka, ufunguo ulirudi kwa kompani. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 alitoka na sanduku lake, kitanda chake na watoto wake. Nyumba ilikuwa kama mavazi ya kazi: unayavaa, unayarudisha.

Watumishi wa nyumba za wazungu nao walikuwa na mambo yao. Walilala katika boyerie, chumba kidogo nyuma ya kiwanja cha bwana. Bwana akirudi Ulaya, mtumishi anatafuta bwana mwingine na chumba kingine. Mwaka 1965 mmoja wao, André Yav, aliandika kwa Kiswahili cha mji huu historia ya Élisabethville kama watumishi wa zamani walivyoikumbuka. Maandishi hayo yanajulikana leo kwa jina la *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, na wataalamu wa inchi nyingine wanayasoma. Ni jambo la kufikirisha: wale waliozijua nyumba za mji kuliko wote, waliozifagia na kuzipiga rangi, ndio waliolala katika chumba kisicho chao.

3. Ruhusa ya kukaa

Kando ya makambi kulikuwa na watu wengine: maseremala, washonaji, wachuuzi, makarani, na wafanyakazi wa kompani ndogo zisizojenga makambi. Hao walikaa katika cité. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 cité ilipangwa upya upande wa kusini, mbali kidogo na mji wa wazungu, na kati yao ikaachwa nafasi tupu. Mtaa huo uliitwa Albert. Leo tunauita Kamalondo. Baadaye mtaa wa Kenya ukafuata.

Tarehe 23 Novemba 1931 sheria ikaunda zile zilizoitwa “centres extra-coutumiers”, maana yake mahali pa watu wanaokaa nje ya utawala wa desturi za ukoo. Mtu alipewa kiwanja, akajenga nyumba yake, akalipa kodi. Aliweza kuweka wapangaji, na wengi waliishi kwa kodi za vyumba. Mwenye lupangu, kama tunavyosema hapa Lubumbashi, alikuwa mtu wa kuheshimiwa.

Lakini haki yake ilikuwa nini? Ilikuwa ruhusa ya kukaa. Kuta zilikuwa zake, ardhi chini ya kuta haikuwa yake. Hakuweza kwenda mbele ya mwandishi wa hati za ardhi kama mzungu alivyokwenda, akatoka na hati iandikwayo katika kitabu kikubwa. Kwa hiyo mtu mwenye akili alisitasita: kwa nini niweke faranga zangu zote katika matofali, kama Bulamatari anaweza kuniambia kesho nihame? Wengi walijenga kwa matofali mabichi na mabati ya zamani, si kwa sababu hawakujua kujenga vizuri, bali kwa sababu hawakuwa na hakika ya kesho.

4. Katuba na Ruashi

Baada ya vita vya 1940-1945 mji ulijaa kupita kiasi. Katika chumba kimoja walilala watu wa jamaa mbili. Hapo zikapatikana njia mbili za kujenga, na njia hizo zinaonekana hata leo katika sura ya mitaa yetu.

Njia ya kwanza ni ile ya Katuba, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliyeisimamia ni Fernand Grévisse, mkubwa wa Serikali katika mji. Mtu alipewa kiwanja na mkopo wa vifaa vya kujengea. Kazi aliifanya yeye mwenyewe, au alimtafuta fundi wake. Deni alililipa kidogo kidogo. Wazee wa Katuba walikuwa wakisimulia miezi ile ya kiangazi, kila mtu akitoka kazini alikwenda kwanza kwenye kiwanja chake kutazama ukuta umepanda kiasi gani.

Na matofali yalitoka wapi? Tusisahau msaidizi mdogo ambaye hakupokea mshahara: mchwa. Vichuguu vya Katanga si vidogo. Vingine vinapita urefu wa paa la nyumba. Udongo wake ni mzuri, unashikamana. Mafundi wanauchimba, wanaukanda kwa maji, wanaujaza katika kalibu ya mbao, wanaanika matofali kwenye jua. Yakikauka wanayapanga kuwa tanuru kubwa, wanaweka kuni chini, moto unawaka siku kadhaa. Kazi hiyo haiwezekani wakati wa mvua. Ndiyo sababu mpaka leo anayejenga hapa Lubumbashi huhesabu kwa viangazi. Mchwa wale wale waliokula nguzo za babu kijijini, katika mji wametupa ukuta.

Njia ya pili ni ile ya Ruashi. Mwaka 1952 Serikali ya Congo Belge iliunda Office des Cités Africaines, ambayo watu waliiita OCA. Ofisi hii ilijenga katika miji mikubwa ya koloni: Léopoldville, Élisabethville, Stanleyville, Bukavu, hata Usumbura. Ilichora mtaa wote kwanza, njia zake, shule na soko, kisha ikajenga nyumba kwa safu, zinafanana kama mapacha. Mnunuzi aliingia katika nyumba iliyokwisha, akalipa kila mwezi kwa muda wa miaka. Mwaka 1955, baada ya safari ya mfalme Baudouin katika Congo, ikaundwa pia Fonds du Roi, kuwasaidia watu wasiokuwa na mali ya kutosha kupata nyumba.

Ipi ilikuwa bora? Mtu wa Katuba alisumbuka zaidi, lakini aliijua nyumba yake tangu msingi. Mtu wa Ruashi alipumzika upesi, lakini mara nyingi alianza kwa kubadili: hapa ameongeza chumba, pale ameziba mlango, huku amejenga jiko la nje, kwa maana mke hakuzoea kupika bukari ndani ya chumba kidogo chenye moshi. Ukipita Ruashi leo utaona vigumu kupata nyumba mbili zilizobaki mapacha. Hiyo ndiyo alama ya mtu aliyekwisha kukaa kwake: anaigeuza nyumba ifuate maisha yake.

Katika miaka hiyo hiyo likatokea jambo lililo kubwa kuliko matofali yote. Sheria ya tarehe 10 Februari 1953 iliwafungulia Wakongo mlango wa kuwa na mali ya ardhi kila mtu kwa jina lake. Hesabuni wenyewe: kutoka 1910 mpaka 1953 ni miaka 43. Mtoto aliyezaliwa siku mji ulipoanzishwa alikuwa amekwisha kuwa babu mdogo kabla sheria haijamkubali kuwa mwenye kiwanja.

Na hata hapo heshima haikuwa kamili. Mtu aliyetaka kupata hati ya “mérite civique”, iliyoanzishwa mwaka 1948, au “immatriculation” ya mwaka 1952, alichunguzwa mpaka ndani ya nyumba yake. Wakaguzi walikuja kutazama namna anavyoishi, meza yake, usafi wake, namna mkewe anavyotunza jiko. Mlango ulikuwa wake, lakini wengine walijiona wana haki ya kuufungua.

5. Nyumba zilizoachwa

Tarehe 30 Juni 1960 inchi ilipata uhuru. Siku chache baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na jambo hilo halikumalizika mpaka Januari 1963. Wakati ule, mwaka 1961, Baluba makumi ya maelfu wa Élisabethville waliogopa kuuawa, wakakimbilia kambi iliyolindwa na askari wa ONU. Walitoka katika nyumba za mji huu huu, wakalala chini ya matambara na makaratasi. Mwaka 1962 wengi wao wakapelekwa mbali, Kasai na kaskazini ya Katanga. Wako walioacha nyumba walizokuwa wanalipa bado.

Miaka 30 baadaye jambo la namna hiyo likarudi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga. Maelfu walingoja treni katika stesheni siku nyingi. Watoto na wazee wakafa pale pale. Wengine waliuza nyumba kwa bei ya sanduku, wengine hawakupata hata hiyo.

Nayaeleza hayo si kwa kuamsha hasira, bali kwa sababu mnunuzi wa leo anapaswa kuyajua. Nyumba ina historia kama mtu alivyo na historia. Kabla hujanunua, uliza: nani alijenga hapa? Aliuza kwa hiari, au alikimbia? Je, wako watoto wake wanaokumbuka? Nyumba iliyopatikana kwa machozi ya mwingine haimpi mtu usingizi. Na kuna neno la pili. Watu wale walikuwa na karatasi, wengine karatasi nzuri. Karatasi haikuwasaidia siku jirani alipogeuka kuwa adui. Ushahidi wa watu, ule wa kijijini, haujapitwa na wakati hata kidogo. Ndiyo sababu mtu anayehamia mtaa mpya hufanya vema kwenda nyumba kwa nyumba kuwasalimu majirani, kabla hata hajatundika mapazia.

6. Udongo ni wa Serikali

Makambi nayo yalibadilika. Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière katika Congo ilichukuliwa na Serikali, na kompani mpya baadaye ikaitwa Gécamines. Nyumba, posho, hospitali, yote yaliendelea kwa miaka mingi, mpaka shaba ikaanguka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na baada ya hapo kazi ilidhoofika mwaka kwa mwaka, mishahara ikachelewa. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa mpango ulioitwa “départ volontaire”. Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa watu wa makambi. Kwao swali la nyumba likawa swali la kweli: kama kazi imekwisha, ninakaa wapi, na kwa haki gani?

Jibu la sheria ni hili. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali peke yake, wala hauuzwi. Basi anayenunua kiwanja ananunua nini? Ananunua haki ya kuitumia ardhi, pamoja na nyumba iliyo juu yake. Kwa Mkongo haki hiyo yaweza kuwa ya daima, nayo inaitwa “concession perpétuelle”. Mgeni hupata ya muda tu, ambayo haipiti miaka 25, lakini yaweza kurudishwa upya.

Na haki hiyo inashuhudiwa na karatasi moja tu: “certificat d’enregistrement”, itolewayo na conservateur wa hati za ardhi. Watu wengi hawalijui neno hili, au wanalijua na kulipuuza. Wananunua mbele ya mkubwa wa mtaa, mashahidi wawili wanatia sahihi, muhuri unapigwa, soda zinanywewa, basi. Karatasi hiyo ina faida yake, inaonyesha kwamba mlipatana. Lakini haijakufanya uwe mwenyewe. Kama jina katika kitabu cha conservateur ni la yule wa zamani, basi mbele ya sheria nyumba bado ni yake, nawe unakaa tu. Anaweza kufa, na watoto wake wasikujue. Anaweza kuwa mwovu, akaiuza mara ya pili kwa mtu mwepesi aliyekimbia ofisini kabla yako.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari lilikuwa ni vichwa vya wazee wa kijiji. Katika mji wa watu wengi, ambamo jirani wa leo kesho yuko Kolwezi au Likasi, daftari ni kile kitabu cha conservateur.

7. Jina la mke, jina la watoto

Sisi makatekista tunaingia katika nyumba nyingi, siku za furaha na siku za kilio. Jambo linalotuumiza kuliko mengine ni matanga ambamo, kabla udongo wa kaburi haujakauka, ndugu za marehemu wanahesabu viti na kuuliza ufunguo uko wapi. Mjane amekaa kwenye mkeka, hana la kusema. Nyumba aliinunua pamoja na mumewe. Yeye aliuza mikate na mkaa ili wapate matofali. Lakini jina lake haliko popote.

Desturi ya ukoo ilikuwa na maana yake wakati ukoo ulipomlinda mjane na kuwalisha yatima. Leo mara nyingi wanaodai haki ya ukoo wanasahau mzigo wa ukoo. Kwa hiyo sheria imesema wazi. Kitabu cha sheria za jamaa, cha tarehe 1 Agosti 1987, kinawapa watoto wa marehemu sehemu tatu kati ya nne za urithi wake. Tena kinampa mjane, au mwanamume aliyefiwa na mkewe, haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vyake. Kitabu hicho hicho kinataka mume na mke wakubaliane wote wawili kabla ya kuuza kiwanja au nyumba, hata kama waliamua kila mmoja awe na mali yake. Basi wewe unayenunua, usitazame sahihi ya mwanamume peke yake. Uliza: mkeo yuko wapi? Yeye naye amekubali?

Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume, ile iliyodaiwa na sheria ya 1987, kabla ya kufanya mapatano kwa jina lake. Wako akina mama katika mji huu walionunua viwanja kwa faida ya biashara zao, na tunawapongeza.

Lakini kuna shimo ambalo Wakristu wengi huanguka ndani yake. Mjane anayedai haki mbele ya tribinali ataulizwa hati ya ndoa. Ndoa ya kanisa ni sakramenti, tunaiheshimu kuliko zote. Lakini sheria ya Serikali haiihesabu peke yake. Ndoa iliyofanywa katika jamaa kwa mahari, nayo yapasa iandikwe kwa mwandishi wa “état civil” katika komini. Watu wanafunga ndoa mbele ya padri, wanapiga picha, wanasherehekea, na safari ya komini wanaiweka kesho na keshokutwa. Miaka 20 inapita. Kesho hiyo inakuja siku ya matanga.

8. Kuingia na kukaa

Ndugu msomaji, pengine mwaka huu ni wewe uliyepakia pusipusi. Umelala usiku wa kwanza chini ya mabati yako, umesikia upepo wa baridi wa mwezi wa sita ukipita, ukajisemea: hakuna tena atakayekuja kugonga mwisho wa mwezi kudai kodi. Furahi. Alika rafiki, pika bukari, mwite padri aibariki nyumba kama ilivyo desturi yetu. Panda mti, kwa maana anayepanda mti ameamua kubaki.

Kisha, kabla ya kununua viti vipya, kabla ya kupaka rangi ukuta wa mbele ili wapita njia waone, fanya mambo manne. Nenda kwa conservateur, uhakikishe kwamba jina lako limeandikwa mahali pa jina la aliyekuuzia. Nenda komini pamoja na mkeo, ndoa yenu iandikwe kama haijaandikwa. Waandikishe watoto wote, hata yule wa mwisho. Na jioni, chukua kiti kidogo, ukae mbele ya mlango, uwasalimu wanaopita, mpaka wakujue jina, na wewe uwajue.

Wazee wetu wa makambi walikuwa na nyumba bila karatasi. Wengine wa 1961 walikuwa na nyumba bila majirani. Wajane wengi wa leo wana nyumba bila jina. Nyumba yako ni ile ambayo, siku usipokuwapo tena kusema kwa kinywa chako, karatasi itasema, jirani atasema, na mkeo atabaki na ufunguo mkononi.